Agizo la Waziri kwa Polisi: Barua Iko Wapi?

Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Kipchumba Murkomen, alitamka hadharani kwamba polisi wameambiwa wampige risasi yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Ingawa baadaye alisema kwamba alieleweka visivyo, wanafunzi wangu wa sheria ya katiba hawajaacha kuniuliza kama waziri ana mamlaka ya kuwaamuru polisi. Mimi huwajibu kwamba anayo, ila ni finyu kuliko wanasiasa wengi wanavyodhani.

Kifungu cha 245 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu waziri kumwelekeza Inspekta Jenerali, yaani mkuu wa polisi, kuhusu sera. Hakuna mtu yeyote, Rais akiwemo, anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani, wala kuajiriwa, kupandishwa cheo au kufutwa kazi kwa askari. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pekee ndiye anayeweza kuagiza kosa lichunguzwe, na hapo Inspekta Jenerali hana budi kutii.

Kizuizi hicho hakikuandikwa kwa kubahatisha. Kabla ya Katiba hiyo, mkuu wa polisi, aliyeitwa Kamishna wa Polisi, alitumikia kwa ridhaa ya Rais, na Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 iligundua kwamba, kati ya watu 1,133 waliouawa, 405 walikufa kwa risasi.

Watetezi wa serikali husema kwamba kauli kama ile ya Juni ni sera, kwa kuwa haikumtaja mtu kwa jina. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu mpaka kati ya sera na utekelezaji kweli una ukungu. Hata hivyo, tukiikubali, bado inakwama mahali pawili. Kwanza, sera ya waziri haiwezi kupanua masharti ya matumizi ya silaha yaliyomo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ambalo pia linasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Pili, kifungu hichohicho cha 245 kinataka kila agizo la waziri, na la Mkurugenzi wa Mashtaka pia, liwe kwa maandishi.

Sharti hili la pili ndilo naliona kuwa na meno zaidi, na ndilo linalosahaulika. Mwananchi aliyeibiwa simu akifika kituoni, taarifa yake huandikwa katika kitabu cha matukio (OB) naye huondoka na nambari ya OB mkononi. Lakini amri inayoweza kumtoa mtu uhai hupita kwa simu au jukwaani, na ikizua balaa, askari husema tu kwamba ilikuwa ni “maagizo kutoka juu”. Huko juu hakuna sahihi ya mtu.

Yapo yanayofanya amri ya mdomo itiiwe. Inspekta Jenerali amepewa kipindi kimoja cha miaka 4 ili asiwe na wa kumbembeleza, lakini kati ya wanne wa kwanza, ni Joseph Boinnet peke yake aliyekimaliza. Kimaiyo, Mutyambai na Koome waliondoka mapema. Mtu asiye na hakika ya kesho yake ni vigumu kumwambia waziri, “Mheshimiwa, niandikie.”

Kwa maoni yangu, Bunge halihitaji kurekebisha Katiba. Kamati yake ya usalama inaweza kumtaka waziri, kila anapofika mbele yake, awasilishe nakala za maagizo yote aliyompa Inspekta Jenerali tangu kikao kilichopita. Akisema hakuna hata moja, jibu hilo liingizwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ili askari atakayeshtakiwa kwa kuua asiweze kulitaja jina la waziri, wala waziri asiweze kujificha nyuma ya askari.