Mtaalamu wa teknolojia si fundi wa projekta

Projekta iligoma saa tatu na nusu asubuhi, ukumbi mzima ukamgeukia mama mmoja aliyekaa meza kuu. Dakika mbili kabla, mshereheshaji alikuwa amemtambulisha kuwa "mtaalamu aliyebobea wa teknolojia na masuala ya kimataifa". Basi, mtaalamu huyo, waya huo. Mama wa watu akacheka, akainuka, akauchomoa waya wa HDMI na kuuchomeka tena, picha ikagoma kutokea, akarudi kukaa. Aliyemaliza kazi ni kijana wa hoteli, kwa kubonyeza rimoti mara moja.

Wasifu wa mama yule niliuhariri mimi, maana vijitabu vya semina ndivyo vinavyoniweka mjini. Kasomea mimea. Kwa miaka mingi sasa anasimamia mikataba ya utafiti baina ya maabara za hapa na za nje: sampuli zitachukuliwa na nani na kupimwa wapi, data ni mali ya nani, hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ikipatikana itasajiliwa kwa jina gani, na mradi ukiisha ile mashine ya mamilioni nani atailipia matengenezo. Kompyuta anaitumia kama ninavyoitumia mimi, yaani ikikwama anamwita mtu.

Maana ya kazi yenyewe haina kona nyingi. Usimamizi wa teknolojia ni kuamua taasisi itumie teknolojia ipi, iipate wapi, iitunze vipi na iiache lini. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya 1987 iliiweka kazi hii kwenye njiapanda ya uhandisi, sayansi na uongozi wa taasisi. Ukiivusha mipaka ya nchi, ukaongeza sheria za pande mbili, forodha na vibali vya utafiti kama vinavyotolewa na tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwetu Tanzania au NACOSTI kwa majirani Kenya, unapata ushirikiano wa utafiti wa kimataifa. Hapo tumemaliza. Kinachonikera ni hilo neno la mbele.

Mtaalamu. (Wanaoandika "mtaalam" bila irabu ya mwisho leo nawasamehe, nina kesi kubwa zaidi.) Neno limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, ain, lamu na mimu, uliotuzalia ukoo mkubwa: elimu, ulamaa, maalumu, hata alama. Kwa Kiarabu, alima ni kujua. Ukiikaza ile lamu ikawa allama, ni kumfanya mwingine ajue, yaani kufundisha. Ukitanguliza ta, taallama, tendo linamrudia mtendaji, kama sisi tunavyotoka kwenye fundisha tukaja kwenye jifunza. Anayefanya tendo la pili ni muallim, ndipo tulipompata mwalimu. Anayefanya la tatu ni mutaallim, ndipo tulipompata mtaalamu.

Kwa asili yake, basi, mwalimu ndiye mtoaji na mtaalamu ndiye mpokeaji. Ukimwambia Mwarabu leo kwamba fulani ni mutaallim, ataelewa kuwa ni mtu anayesoma au aliyesoma, basi. Bingwa wa fani wao humwita khabir, neno la nyumba moja na habari yetu: mtu mwenye habari za jambo. Sisemi turudi huko. Neno likishavuka bahari lina haki ya kubadilika, na mtaalamu wetu amebadilika vizuri tu, amepanda cheo. Ila amepanda bila kuliacha begi lake la shule, na hilo begi ndilo linalotuchanganya.

Maana kuna taaluma na kuna utaalamu, na watu wanavitumia kama sahani mbili za seti moja. Taaluma ni kile ulichokisomea, uwanja wenye walimu, vitabu, mitihani na cheti. Aliyepita sekondari Tanzania anamkumbuka mwalimu wa taaluma, yule aliyebandika matokeo ubaoni tukasukumana kuyatazama. Hakuna aliyemwita mwalimu wa utaalamu. Utaalamu ni kile ambacho mikono na akili vimekizoea kwa kukifanya, mara nyingi kwa kukikosea kwanza. Taaluma unaweza kuiweka kwenye fremu. Utaalamu hauna fremu, ndiyo maana washereheshaji wanaukwepa na kusoma shahada. (Na mtaala, kabla hujauliza, si wa ukoo huu japo sura zinafanana. Huo umetoka kwenye taali, kusoma na kudurusu, mzizi mwingine kabisa.)

Sasa kwenye kazi hii ya kusimamia teknolojia na utafiti wa mataifa, taaluma na utaalamu hutengana kuliko karibu kazi yoyote ninayoijua. Daktari wa meno kasomea meno. Lakini uliza hawa wamesomea nini, utapata jibu tofauti kwa kila mtu, na hakuna jibu litakalokueleza anachofanya. Calestous Juma wa Busia, Kenya, alianza kwa kufundisha shule ya msingi Mombasa, akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira gazetini, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Sussex kusomea sera ya sayansi na teknolojia, akapata udaktari 1987. Mwaka uliofuata akaanzisha Nairobi kituo cha kuchunguza teknolojia barani Afrika, baadaye akaongoza sekretarieti ya Mkataba wa Bioanuwai wa Umoja wa Mataifa, akaishia kuwa profesa Harvard hadi alipofariki Desemba 2017. Hakuwa mhandisi. Thomas Odhiambo, aliyeanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi mwaka 1970 na kukifanya cha kimataifa, kasomea wadudu. Ukimwita wa kwanza mwalimu wa msingi na wa pili bwana wadudu hujasema uongo, ila hujamtambulisha mtu.

Mfano ninaoupenda uko baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, timu ya Waitaliano ilirusha setilaiti ya Marekani kwa roketi ya Scout. Pale pako karibu na ikweta, mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi bila malipo. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba tangu ijitawale, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu, kutafuta mionzi ya eksirei angani, na orodha yake ya mwisho ilifikia vyanzo 339.

Nyuma yake walikuwapo watu watatu wanaofaa kutazamwa pamoja. Riccardo Giacconi, mwanafizikia, ndiye aliyetaka kuiona anga kwa eksirei, na mwaka 2002 akapewa Nobel. Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa anga mjini Roma na afisa wa jeshi la anga, ndiye baba wa lile jukwaa. Wa tatu ni Marjorie Townsend, aliyemaliza uhandisi wa umeme mwaka 1951, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi Chuo Kikuu cha George Washington. Alipitia kazi za sonar, yaani kutambua vitu majini kwa sauti, kwenye maabara ya jeshi la majini, kisha akaingia NASA, na huko ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi huu. Darubini ya mwanafizikia, jukwaa la Waitaliano na fedha za Marekani vilipaswa kukutana Ngomeni siku moja, na kuvikutanisha ndiyo kazi aliyopewa. Shahada yake ya umeme ilimsaidia kujua lini fundi anamdanganya. Kazi yenyewe haikuwa umeme.

Hapo ndipo neno usimamizi linapolipa. Simama, simamia: kusimama kwa ajili ya jambo, juu ya jambo. Msimamizi wa mirathi si lazima awe ndiye aliyeijenga nyumba ya marehemu, wala hakuna mtu mwenye akili atakayempa mwiko apige lipu. Kwa mirathi tunaelewa bila kuelezwa. Likija neno teknolojia tunapagawa, tunampa msimamizi waya wa projekta.

Na kwa kuwa nimeshafika Ngomeni, nitoe na hili dogo. Ushirikiano una -an- tumboni, ile ile ya pendana na pigana, inayodai watu wawili, kila mmoja akimtenda mwenziwe. Ukiitoa, unabaki na ushiriki: mtu kahudhuria. Kwenye setilaiti ya Uhuru jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Ila kwa upande wa nani aliamua nini, mimi kwenye kijitabu ningeandika ushiriki wa Kenya, na nisingeona haya. Taarifa nyingi za miradi ninazopewa kuhariri zinasema ushirikiano mahali ambapo mtu wa hapa alishika kipoza sampuli mpaka uwanja wa ndege. Kuiondoa au kuibakiza hiyo -an- ndiyo kazi anayolipwa mama yule.

Wakati wa chai nilimvuta mshereheshaji pembeni. Kijana mzuri, sauti ya redio, suti ya bluu, sambusa mkononi.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "yule mama si mtu wa kompyuta."

"Kaka, si imeandikwa teknolojia?"

"Imeandikwa anasimamia."

Akatafuna kwanza. "Sasa niseme mtaalamu wa nini?"

"Acha mtaalamu. Sema kasomea mimea, na sasa anasimamia mikataba ya utafiti baina ya maabara zetu na za nje. Wataelewa."

Akaandika nyuma ya ratiba, tukarudi ndani. Alipopanda jukwaani alisoma sawasawa neno kwa neno, mimea, mikataba, maabara, hadi nikaanza kujivuna. Kisha akatabasamu na kuongeza kuwa mzungumzaji, kama mtaalamu wa mimea, atafurahi wakati wa chakula cha mchana kuwashauri wenye miembe isiyozaa. Mama akanitazama kutoka meza kuu. Wawili walikuwa wameshanyoosha mkono.