Je, wajua? Sello, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, haina alama shingoni: mpigaji anajuaje pa kubonyeza?

Gitaa lina vyuma vilivyopachikwa shingoni. Kidole kikikaa vibaya kidogo, chuma hukisitiri. Sello haina kitu: ubao mweusi mtupu, na mpigaji wala hautazami, kwani macho yako kwenye noti au kwa mwimbaji.

Jibu ambalo wengi tumelishika ni "sikio". Mwenye sikio zuri atapapata tu. Lakini sikio halisikii sauti ambayo haijatoka. Hadi ling'amue kwamba kidole kimekosea, kosa limeshamfikia aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye sikio kali asiyefundishwa mkono hupiga kila noti kwa kuteleza: anabonyeza, anasikia, anasogeza. Kwenye usaili wa okestra za Ulaya na Marekani, ambako mara nyingi mwombaji hupiga nyuma ya pazia kwa dakika chache tu, mtelezo huo husikika mara moja. Dawa yake inachosha: ukikosea usisogeze; nyanyua kidole, anza upya, kitue palepale panapotakiwa.

Kinachotangulia ni mkono. Chukulia umeme umekatika katika nyumba ya Mji Mkongwe. Mwenyeji anashuka ngazi huku anazungumza, mguu unajua kimo cha kila kipandio. Mgeni anapapasa ukuta. Shingo ya sello ni ngazi hiyo, ila fundi wake alikuwa na wazimu kidogo: kila kipandio ni kifupi kuliko kilichotangulia. Uzi wa sello ya mtu mzima una kama sm 69 kutoka kichwa cha shingo hadi kwenye daraja, kibao kinachoinua nyuzi. Nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za Kizungu, ya kwanza iko sm 3.9 kutoka juu, ya pili huongeza sm 3.7, na ukishavuka katikati ya uzi nusu toni imebaki sm 1.9. Kwa hiyo mkono unakariri umbo linalosinyaa kadiri unavyoshuka. Gumba, lililo nyuma ya shingo mkabala na kidole cha kati, lazima lisafiri pamoja na vidole. Likibaki nyuma, vidole havifiki na sauti zote hulegea.

Walimu huwabandikia wanaoanza utepe mwembamba shingoni, kuonyesha pa kubonyeza. Unasaidia wiki za mwanzo, hadi jasho na joto la Kaskazi viulegeze gundi.

Sikio nalo lina msaidizi. Nyuzi nne ni Do, Sol, Re na La. Bonyeza Sol kwenye uzi wa Re, sm 17 na kitu kutoka juu: ikiwa sahihi, uzi mtupu wa Sol, ambao hukuugusa, hutetemeka wenyewe na sauti hufunguka. Kidole kikikaa pembeni kidogo, sauti hiyohiyo inakuwa kavu.

Raha ya jambo hili iko kwenye taarab. Bayati, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya sauti) za Kiarabu, ikianzia Re ina sauti ya pili iliyo kati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusu toni. Kwenye uzi wa Re, Mi iliyoshushwa iko sm 3.9 na Mi kamili sm 7.5, ya Bayati huangukia karibu sm 5.7, pahala ambapo shingo yenye vyuma kama vya gitaa isingekuwa na chuma, na ambapo kodiani ya kawaida haina kitufe. Hapo hakuna uzi mtupu wa kuitikia, na mkono uliofunzwa noti za Kizungu pekee huvutwa upande mmoja. Si kila wimbo wa taarab una sauti hii, wala kimo chake si kimoja: Misri na Uturuki haziipandishi sawa. Mpiga sello kwenye firqa, yaani kundi la wapigaji, husikiliza ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, ambayo nyuzi zake zimeshatiwa sauti kabla ya wimbo kuanza, na fidla zikiinuka kidogo kumfuata mwimbaji, naye huinuka milimita mbili tatu.