Usugu ni wa bakteria, si wa mbwa

Wiki iliyopita, katika mojawapo ya maduka ya dawa za mifugo ya mjini Moshi, mama mmoja alimweleza muuzaji kwamba mbwa wake anatoka usaha sikioni tangu mwezi uliopita, kwamba amechomwa sindano mara tatu na hakuna nafuu, na kwamba yeye mwenyewe ameshaelewa tatizo: "Mbwa wangu amekuwa sugu, mwili wake umezoea dawa." Muuzaji hakubisha. Alimpa chupa ya dawa aliyoiita kali zaidi, mama akalipa na kuondoka, na wote wawili walikuwa na nia njema kabisa. Sentensi hiyo nimeisikia Kiboriloni, nimeisikia Pasua, nimeisikia hata kwa watu waliosoma, na kwa kuwa inaamua mnyama atapewa nini, nimeona niieleze kwa maandishi.

Usugu, katika habari za dawa, ni uwezo wa bakteria kuendelea kuishi na kuzaliana mahali penye kiasi cha antibayotiki, yaani dawa ya bakteria, ambacho kwa kawaida kingewaua au kuwazuia. Maana yenyewe ni hiyo tu. Mwenye uwezo huo ni bakteria, na mbwa au paka ni mahali anapoishi.

Kosa, kwa maoni yangu, limeanzia kwenye neno lenyewe, ambalo ni zuri na lina historia iliyo wazi. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota mahali panaposuguliwa mara kwa mara, na ukilitamka pamoja na kitenzi kusugua utasikia undugu wao bila kuhitaji kamusi. Viganja vya wazee wa Kibosho walioshika jembe katika vihamba vyao miaka hamsini vina sugu. Paji la uso la mtu anayesujudu sana lina sugu, ambayo wengine huiita sijida. Kutoka kwenye ngozi, neno lilihamia kwenye tabia: mhalifu sugu ni yule asiyekomeshwa na kifungo, na wadaiwa sugu ni wale ambao barua za kuwakumbusha haziwafikishi popote. Kisha likahamia kwenye maradhi, tukapata ugonjwa sugu, yaani ugonjwa unaodumu. Dhana ya bakteria wasiouawa na dawa ilipofika, lugha ilikuwa na neno tayari, na leo tunalisikia redioni na kulisoma kwenye mabango, hasa kati ya tarehe 18 na 24 Novemba, wiki ambayo dunia nzima hulizungumzia jambo hili.

Wapo wanaopendelea kusema ukinzani, na kwa usahihi mtupu hawakosei, kwa sababu kukinza ni kupinga, na anayepinga anajulikana. Lakini ukinzani haujafika sokoni, na sidhani kama utafika. Usugu umeshinda, kilichobaki ni kuulinda usije ukamaanisha kila kitu.

Hatari ya picha ya kiganja ni hii. Sugu huota kwenye ngozi ileile iliyosuguliwa: mkono uliokuwa laini ndio uliogeuka kuwa mgumu, polepole, kwa kuzoea. Msikilizaji anapobeba picha hiyo na kuipeleka kwenye antibayotiki, anajiuliza ni nini kilichosuguliwa na dawa mara nyingi, na jibu linalomjia haraka ni mwili wa mbwa, maana ndio uliochomwa sindano. Hata akikumbuka bakteria, humwona bakteria mmoja mmoja akikomaa kama kiganja cha mkulima. Mambo yote mawili si kweli. Kwa kawaida bakteria mmoja hagumuki kwa kuonja dawa siku baada ya siku. Katika kundi la mamilioni huwapo wachache ambao, kwa badiliko dogo katika jeni zao au kwa kipande cha jeni walichopewa na bakteria jirani, tayari wanaweza kuihimili dawa fulani. Dawa inapoingia, walio dhaifu hufa, nao wachache hao hubaki na nafasi yote na chakula chote, wakazaliana hadi wanakuwa kundi zima. Dawa haikuwafundisha ugumu, iliwaondolea washindani.

Jambo hili lilionyeshwa kwa namna ninayoipenda sana mwaka 1952, na wanasayansi Joshua Lederberg na mkewe Esther, waliokuwa wakifanya kazi Wisconsin, Marekani. Walifunika kigogo kwa kitambaa cha mahameli, wakakigandamiza juu ya sahani iliyoota makundi ya bakteria, kisha wakakitumia kama muhuri kupiga nakala ya sahani hiyo kwenye sahani nyingine, na baadhi ya sahani hizo zilikuwa na dawa ya streptomaisini. Katika sahani zenye dawa yaliota makundi machache tu, na yaliota mahali palepale katika kila nakala. Waliporudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuguswa na dawa hata tone, na kuchukua bakteria wa mahali hapo, waliweza kuwapata waliokuwa sugu tayari. Hapakuwa na kuzoea, kwa sababu hapakuwa na dawa ya kuizoea.

Maabara za leo huthibitisha jambo hilohilo kila siku kwa njia nyepesi zaidi. Usaha wa sikio la mbwa huchukuliwa kwa pamba safi, bakteria wakaoteshwa kwenye sahani, na juu yake vikawekwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kikiwa na antibayotiki yake. Kesho yake sahani hutazamwa. Penye duara tupu pana kuzunguka karatasi, dawa hiyo imewashinda bakteria. Pasipo duara, wao wameishinda. Naomba msomaji aitazame sahani hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake hamna mbwa. Hamna damu yake, hamna ngozi yake, hamna mwili uliozoea chochote, na usugu bado unaonekana kwa macho.

Anayedhani kwamba haya ni mabishano ya maneno tu atazame yanayofuata nyumbani. Kama usugu ungekuwa wa mbwa, ungeishia kwake. Kwa kuwa ni wa bakteria, huhama pamoja nao: kwa ulimi, kwa kitanda kinacholaliwa na paka wawili, kwa mkono wa mtoto uliomshika mnyama kisha ukashika chakula. Staphylococcus pseudintermedius, bakteria anayeishi kwa amani kwenye ngozi na puani mwa mbwa wengi wenye afya na ambaye ndiye chanzo kikuu cha vidonda vya usaha vya ngozi ya mbwa, ana aina zilizo sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja, na mbwa anaweza kuzibeba bila yeye mwenyewe kuwahi kupewa dawa hizo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema wazi katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alipotoa mfano wa kubuni wa mtu aliyeumwa koo, akajipa penisilini kidogo isiyotosha, akamwambukiza mkewe bakteria waliobaki. Katika mfano huo aliyekufa ni mke, ambaye usugu haukutoka mwilini mwake.

Sisemi kwamba mwili hauzoei dawa yoyote. Mbwa mwenye kifafa anayepewa fenobabitoni kwa muda mrefu huweza kuhitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa sababu ini lake hujifunza kuivunja dawa hiyo upesi. Hapo mwili umezoea kweli, na sentensi ya yule mama ingekuwa sahihi. Vilevile mwili una kinga, ambayo chanjo huijenga, na kinga ni mali ya mnyama. Basi kinga na mazoea ni vya mwenye mwili, na usugu ni wa mdudu aliyeingia.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni kuchanganya usugu na ugonjwa sugu, kwa sababu ugonjwa unaweza kudumu mwaka mzima huku bakteria wake wakiuawa na dawa ya kawaida kabisa, au bila kuwapo bakteria hata mmoja. Mbwa anayejikuna kwa sababu ya viroboto atapata vidonda, vidonda vitaingiwa na bakteria, antibayotiki itavikausha, na wiki tatu baadaye vitarudi, kwa kuwa viroboto bado wapo. Sikio linalonuka huweza kuwa na fangasi au wadudu wa upele, ambao antibayotiki haiwahusu. Paka aliyeng'atwa na mwenzake usiku hupata jipu chini ya ngozi, na jipu lisipopasuliwa na usaha kutolewa, sindano pekee mara nyingi haitoshi, si kwa sababu ya usugu bali kwa sababu dawa haiufikii vizuri usaha uliozingirwa. Paka wengi walio chini ya miaka 10 wanaokojoa kwa taabu hawana bakteria kwenye kibofu. Na paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, maana njia ikiziba anaweza kufa.

Huku kwetu kaskazini, mfano ulio karibu zaidi ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza Ehrlichia, ambaye ni bakteria na hutibiwa kwa doksisaiklini kwa muda wa wiki nne hivi, na huyohuyo kupe huweza kuleta Babesia, ambaye si bakteria na hutibiwa kwa dawa nyingine. Magonjwa yote mawili huleta homa, unyonge na upungufu wa damu, na watu wa Arusha na Moshi huyaita kwa jina moja, ugonjwa wa kupe. Mbwa mwenye Babesia akipewa antibayotiki ya Ehrlichia pekee hatapona, na mwenye Ehrlichia aliyeachishwa dawa siku ya tano kwa sababu ameanza kula anaweza kuumwa tena. Huyu wa pili dozi yake ilikatizwa, wa kwanza alipewa dawa isiyo yake, na wote wawili hurudishwa dukani wakiitwa sugu. Bado sijataja kipimo kinachokadiriwa kwa macho bila kumpima mnyama uzito, wala chupa ya dawa ya ng'ombe iliyokaa dirishani juani.

Kwa hiyo ombi langu kwa mama yule, ambaye sikuthubutu kumkatiza mbele ya watu, ni dogo. Asiseme kwamba mbwa wake ni sugu, wala asiseme kwamba amezoea. Aseme, "Dawa hii imeshindwa," kwa sababu hilo ameliona kwa macho yake na hakuna wa kumkatalia. Kisha, kabla ya kupokea chupa nyingine, aombe usaha wa sikio uchukuliwe na kupimwa, tujue kama kilichomo ni bakteria, na kama ni bakteria, ni dawa gani inayowaweza.