Pua ya mama, utumbo wa baba

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Kijana wa Wete, miaka 34, kavuka na boti kuja Unguja kwa biashara zake, mkewe ndiye aliyemlazimisha afike kwangu. Baba yake alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, iliyogunduliwa akiwa na miaka 43. Namwambia apimwe, anacheka.

"Dokta, mimi hiyo hainipati. Mimi nimefuata kwa mama. Hata pua hii ni ya kwao."

Nikaitazama pua. Pua nzuri. Lakini mimi situmbukizi kamera puani.

Sura ina njia zake na kasoro ya urithi ina zake. Mzazi mwenye Lynch, yaani kasoro ya urithi inayoleta saratani ya utumbo mpana, humrithisha kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu, na kila mimba karata huchanganywa upya. Aliyefanana na mama chapa anaweza kuwa ndiye aliyebeba ya baba. Na koo nyingi zenye saratani hii hazina Lynch wala kasoro yoyote inayojulikana, lakini hatari yao bado iko juu.

Sasa linalonichosha zaidi ni neno "ndugu". Nauliza, "Una ndugu aliyeugua?" Naambiwa yupo, kumbe ni mtoto wa ami yake. Nauliza habari za baba, nahadithiwa za baba mkubwa. Kuna bibi mmoja alinitajia ndugu yake kwa machozi, nikaandika ukurasa mzima, mwisho ikatoka kuwa ni ndugu wa kunyonya. Huyo humuoi, sawa, lakini maziwa hayaleti saratani ya ukoo. Kwa hiyo siku hizi nauliza kama karani wa mirathi: aliyekuzaa, uliyemzaa, mliotoka tumbo moja na baba mmoja. Hao ndio wa kwanza. Wa baba tu au wa mama tu, ami, shangazi, mjomba, nawaandika pia, ila uzito wao ni mdogo. Na msinifiche shangazi aliyekuwa na saratani ya kizazi, ya ule mfuko wenyewe wa uzazi, maana Lynch hupita huko vilevile.

Halafu umri. Kanuni ni kuanza kolonoskopi, ile kamera ya kuchungulia utumbo mpana, ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mzazi, lolote litakalotangulia. Kisha kila miaka 5. Wenye Lynch huanza mapema zaidi, miaka ya ishirini na kitu. Lakini nitoe vipi 10 kwenye "alikuwa mtu mzima"? Mzee mmoja nilimpatia umri kwa kuwa Mapinduzi yalimkuta ndiyo kwanza anaanza chuoni. Huyu wa Wete hesabu yake ni nyepesi: 33. Kesha chelewa mwaka mmoja.

Nikiri jambo. Hiyo 10 haikusimama juu ya ushahidi mzito. Ni mabingwa walikaa wakakubaliana. Naifuata kwa sababu kinyama cha utumboni kwa kawaida huchukua miaka mingi kugeuka saratani, na kikikutwa hukatwa papo hapo. Kipimo cha kutafuta damu chooni kwa mtu kama huyu ni hafifu, ila kama kamera haipatikani mwaka huu, basi afanye hicho, asikae bure. Na asingoje maumivu. Baba yake alitibiwa bawasiri miaka miwili, hakuna aliyetia hata kidole.

Kuhusu dawa ya kuharisha, ile ya kusafisha utumbo kabla ya kamera: ndiyo, usiku huo utalala chooni. Maji, chai ya rangi, basi. Usiinywe siku ya boti.

Kijana akanyamaza, akampigia mama yake pale pale. "Mama, ami yule aliyefia Mombasa, alikuwa na nini?"

"Tumbo tu, mwanangu."

Nikaandika "tumbo" kwenye faili, nikatia alama ya kuuliza mbili.