Hamna atomu ya klorini yenye masi 35.5

Jamani hili la klorini naomba tulielewe vizuri, manake mtu anafungua jedwali la elementi anakuta 35.5, anatoa 17 (idadi ya protoni), anapata nutroni 18 na nusu afu anaendelea na swali. Nusu nutroni haipo. Kwenye kiini nutroni unazihesabu nzimanzima, hamna kipande.

Dhana potofu hapo ni kwamba 35.5 ndo masi ya atomu moja. Ukweli ni kwamba hata uzipekue zote hutakuta atomu hiyo. Kuna klorini-35, ina protoni 17 na nutroni 18, na kuna klorini-37, protoni zilezile 17 ila nutroni 20, na klorini ya kawaida ni mchanganyiko wa hizo mbili, asilimia 75.8 ni ile nyepesi na 24.2 ni nzito, yaani kwenye kila atomu nne, tatu hivi ni za 35 na moja ni ya 37. Sasa piga mwenyewe: 35 mara tatu ni 105, jumlisha 37 unapata 142, gawanya kwa nne, 35.5 hiyo hapo. Ni wastani. Ukitaka nutroni kwanza uambiwe ni isotopu ipi (isotopu ni atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nutroni), bila hivyo swali halina jibu moja.

Bromini ndo mfano naoupenda zaidi. Kwenye jedwali ni 79.9, kwa hiyo watu wanaona basi atomu nyingi zitakuwa za bromini-80. Hamna kabisa! Bromini ya asili ni 79 na 81, karibu nusu kwa nusu, na bromini-80 hata ikitengenezwa haidumu. Wastani umeangukia mahali ambapo hakuna atomu hata moja.

Nyingine, "isotopu ni vitu vya mionzi". Si kweli, zipo zenye mionzi kama kaboni-14 lakini kaboni-12 na kaboni-13 zimetulia tu, na bati peke yake lina isotopu 10 zilizotulia. Mwanakemia Soddy alipoanza kulitumia neno hilo mwaka 1913 alimaanisha "mahali pamoja", kwa sababu zote zinakaa chumba kimoja kwenye jedwali, basi.

Ila na wale wanaosema isotopu za elementi moja hazina tofauti yoyote nao wanazidisha. Kikemia zinafanana sana kwa vile elektroni ni zilezile, lakini maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito (ile yenye nutroni moja) yanaganda kwenye nyuzi 3.8 za Selsiasi badala ya sifuri, na barafu yake ukiitia kwenye maji ya kawaida inazama.

Na wale wanaosema jedwali limepangwa kwa masi, angalieni agoni 39.95 na potasiamu 39.10. Agoni ni nzito zaidi lakini imetangulia, kwa sababu ina protoni 18 na potasiamu 19. Kinachopanga ni protoni, na mwanafizikia Moseley alilionyesha hilo kwa eksirei mwaka huohuo wa 1913.

Na tafadhali msiandike gramu mbele ya masi linganishi, yaani hizo namba za kwenye jedwali kama 35.5. Neno lenyewe linasema, unalinganisha: atomu hii ni mara ngapi ya sehemu moja ya 12 ya atomu ya kaboni-12, na kipimo hicho ndo kinatumika tangu 1961. Gramu zinaingia ukishachukua moli nzima, yaani lile fungu kubwa la atomu ambalo kwa kaboni-12 lina uzito wa gramu 12. Hapo huwa linakuja swali zuri sana, kama kaboni ndo kipimo chenyewe mbona kwenye jedwali imeandikwa 12.01 na sio 12 kamili? Kwa sababu kipimo ni kaboni-12 peke yake, ila kaboni ya kawaida kwenye kila atomu 100 ina kama moja ya kaboni-13, na hiyo moja ndo inaleta ile 0.01.