Rafiki wa mzee si lazima awe mzee

Wengi husema mzee akizoeana na vijana anajivunjia heshima. Si kweli, na mila zetu zenyewe zinakataa. Katika makabila mengi ya Tanzania babu na bibi hutaniana na wajukuu, hata kuitana mume na mke, na hakuna anayeona heshima imevunjika.

Pita jioni kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo au Magomeni. Kijana anaanza na "shikamoo", anaitikiwa "marahaba", kisha anakaa benchi hilohilo na kubishana na mzee kuhusu Simba na Yanga mpaka kashata ziishe. Mzee anakumbuka Simba ilipoitwa Sunderland, kabla ya 1971. Kijana anamwonyesha magoli ya jana kwenye simu. Mchezo wa bao nao haubagui umri: kete ni 64 zilezile kwa wote.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Tangu hapo wa rika lake huanza kupungua: wengine hufariki, wengine hurudi kijijini. Naumia sana nikiona mzee amejifungia ndani akiwangoja hao waliokwisha kuondoka, ilhali kijana wa nyumba ya pili angefurahi kualikwa chai.