Redio jamii: si kila redio ya wilayani ni ya wanawilaya

Katika wilaya nyingi za Tanzania na kaunti za Kenya kuna stesheni ndogo za FM ambazo ukisafiri mwendo wa saa moja hazishiki tena. Nyingi hujitambulisha kuwa redio jamii. Ukichunguza, hii ni ya mfanyabiashara, ile ni ya dhehebu, na nyingine ina mkono wa mtu anayejiandaa kugombea ubunge. Kumiliki redio ndogo si kosa, ila udogo wake hauifanyi iwe ya jamii.

Redio jamii ni ile ambayo wakazi wa mahali ndio wenye mali, wanaiongoza kupitia watu waliowachagua wenyewe, wanasikika humo kwa sauti zao, na kikibaki kitu baada ya matumizi hakigawanywi kwa mtu, kinarudi kwenye kazi. Mkataba wa Utangazaji wa Afrika uliopitishwa Windhoek, Namibia, mwaka 2001 unaihesabu kuwa aina ya tatu ya utangazaji, pamoja na utangazaji wa umma na ule wa kibiashara. Kenya nayo iliipa nafasi katika sheria yake ya mawasiliano kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2009.

Lugha nayo huwapotosha wengi. Redio inayotangaza kwa Kikamba, Kijaluo au Kimaasai huonekana moja kwa moja kuwa ya wenye lugha hiyo. Lakini Kameme FM, iliyoanza mwaka 2000 kwa Kikuyu, ilikuwa redio ya biashara tangu mwanzo, na redio nyingi za lugha za nyumbani zilizoifuata Kenya zilikwenda njia hiyohiyo. Wasikilizaji ni wetu, lugha ni yetu, kampuni ni ya watu wengine.

Njia ya haraka ya kuijua redio jamii ni kuuliza: meneja akiharibu, nani ana uwezo wa kumwondoa? Ukiambiwa ni mkutano wa wanachama, au bodi ambayo wakazi wameichagua, hapo kuna jambo la kuzungumza. Ukitajiwa jina la mtu mmoja, maswali yamekwisha.

Nasisitiza umiliki kwa sababu ndio unaoamua redio itafanywa nini siku ikimuudhi mkubwa. Homa Bay, magharibi mwa Kenya, ilipata kituo cha redio cha wenyeji mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kikitangaza kwa Kijaluo, na mara nyingi hutajwa kuwa cha kwanza cha aina yake Afrika. Vipindi vilikuwa vya watu wa pale, lakini kituo chenyewe kilikuwa chini ya serikali. Mwaka 1984 serikali ilikifunga, na hapakuwa na mwanachama wa kusema mali hii ni yetu, turudishieni.

Linganisha na Radio Maendeleo ya Bukavu, Kongo Mashariki, iliyoanza mwaka 1993 ikiwa mikononi mwa mashirika ya wananchi wa Kivu Kusini. Waasi wa RCD walipokuwa wameshika mji, waliifungia mwaka 1999. Vyombo vinaweza kuchukuliwa na mlango ukapigwa kufuli, lakini yale mashirika na vilabu vya wasikilizaji vilikuwa bado vipo, na redio ikarudi hewani. Huko Makueni, Kenya, redio ya Mang'elete ilizaliwa na vikundi vya wanawake zaidi ya 30 vilivyoungana, vile vile vya kuchangishana na kusaidiana ambavyo kila mtu anavijua. Redio ilikuwa mradi wao mwingine juu ya miradi waliyokuwa nayo tayari. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wenye akili: watu waungane kwanza, mnara ufuate.

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku, ambako mambo si mepesi. Redio hizi husimama juu ya migongo ya wanaojitolea. Kijana aliyemaliza sekondari anaingia, anafundishwa kushika kinasa sauti, kuhariri na kusoma habari bila kujikwaa. Akishaiva, redio kubwa ya mjini inamwita kwa mshahara, naye anaondoka. Meneja anaanza upya na mwingine. Wapo wanaolalamika sana juu ya hili. Sioni sababu ya kumlaumu kijana. Posho ya nauli haijengi nyumba.

Gumu zaidi ni kutangaza habari mahali ambapo wote mnajuana. Mwandishi wa gazeti la mjini akiandika kwamba fedha za kisima hazionekani, jioni anapanda basi anakwenda zake. Mtangazaji wa redio jamii akisema hivyo, mwenyekiti wa kijiji anayehusika ni baba yake mdogo, mweka hazina ni jirani, na wote watakutana msibani Jumamosi. Ndiyo maana redio nyingi hujaza saa kwa kilimo, afya na muziki, zikilipita suala la kisima kimyakimya. Penye bodi imara hutengenezwa utaratibu: malalamiko yanapokelewa kwa maandishi, anayetajwa anatafutwa ajibu kabla ya kipindi kwenda hewani, na mtangazaji mwenye undugu na mhusika anampisha mwenzake. Bodi ikitoa kibali, lawama zinakwenda kwa bodi. Hilo peke yake humpa kijana wa miaka 22 ujasiri wa kuuliza swali mbele ya diwani.

Utaratibu huo unahitajika pia upande wa pili. Mikrofoni ikiwa wazi kwa kila mkazi, siku moja atakuja mwenye kutaka kumtaja bibi fulani kuwa mchawi, au kuwatukana wafugaji waliohamia bondeni. Rwanda mwaka 1994 ilionyesha redio inaweza kufanya nini kwa maneno matupu, ingawa RTLM, stesheni iliyochochea mauaji ya kimbari, haikuwa redio jamii, ilikuwa kampuni yenye wanahisa. Kuwa ya jamii si ruhusa ya kila mtu kusema lolote. Sehemu zenye wakulima na wafugaji, bodi isiyo na mfugaji hata mmoja ni bodi ya upande mmoja, hata kama ilichaguliwa kwa kura.

Halafu kuna fedha. Mkazi hatozwi kusikiliza, wala hatozwi kuja studio kueleza kero yake. Lakini leseni inalipiwa, umeme unalipiwa, mtambo wa kurushia matangazo ukipigwa na radi lazima ununuliwe mwingine. Nairobi, stesheni za mitaa kama Koch FM ya Korogocho, iliyoanzishwa na vijana mwaka 2006 na studio yake ndani ya kontena, na Pamoja FM ya Kibera, zilipewa masafa yaleyale, 99.9, kila moja kwa nguvu ndogo ili isimfunike mwenzake. Masafa ya kugawana, mzunguko mdogo: kampuni kubwa haina sababu ya kuleta tangazo lake hapo.

Kwa hiyo wengi hutegemea wafadhili. Shirika linanunua saa za kipindi cha malaria kwa miezi sita, kisha cha lishe, kisha cha mabadiliko ya tabianchi. Si vibaya, ila baada ya muda ratiba nzima inakuwa ya miradi, na mradi ukiisha kipindi kinakufa hata kama wasikilizaji walikipenda. Anayeamua mada ya wiki si bodi tena, ni ofisi iliyo mbali na mnara. Ndiyo maana vyanzo vidogo vya hapohapo vina uzito kuliko vinavyoonekana: ada ya mwaka ya wanachama, kadi za salamu, matangazo ya vifo na ya mifugo iliyopotea, duka la pembejeo linalolipia taarifa ya mvua. Ni hela za mkononi, lakini anayezitoa akikasirika anajitokeza mwenyewe ofisini, na mmoja akiacha kutoa redio haizimiki.

Hata hivyo michango ya wenyewe inategemea wenyewe wana nini. Bolivia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wachimbaji madini walijenga redio zao na kuziendesha kwa sehemu ya mishahara yao. Hakuna mfadhili aliyewapangia mada. Mwaka 1980 jeshi lilipopindua serikali, redio hizo zilitangaza hadi askari walipofika milangoni, na baada ya utawala huo kuanguka zilifunguliwa tena. Mwaka 1985 serikali ilianza kufunga migodi na kuachisha kazi maelfu ya wachimbaji. Mishahara ikakatika, watu wakahama, na redio nyingi zikazimika bila askari yeyote kutumwa.